Rula inasema moja, simu inasema jingine: matatizo ya kutabiri na kupima theluji

Novemba ikianza tu, huku Buffalo, New York, malalamiko huanza kuingia kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. "Kaka, walisema inchi 8, mbona nimepata 2?" "Shangazi yuko Hamburg, hapo kusini tu ya jiji, kafukiwa, sisi hata beleshi hatujaligusa." "Kipima mvua changu kimepasuka." Nimekuwa nikipima theluji uani kwangu kwa kujitolea kwa miaka kadhaa, na maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi iko juu na ya nadra iko mwisho.

Kabla hujamlaumu mtabiri au rula, jiulize unalinganisha namba gani na namba gani. Theluji ina vipimo vitatu. Cha kwanza ni theluji mpya, yaani iliyoanguka tangu ulipopima mara ya mwisho. Cha pili ni kina, yaani yote iliyolala chini, ya leo na ya wiki iliyopita. Cha tatu ni maji yaliyomo ndani yake ikiyeyushwa. Nusu ya ugomvi ninaousikia ni mtu mmoja kushika kipimo cha kwanza na mwenzake kushika cha pili, na wote wawili wako sahihi.

Dalili: Simu ilisema inchi 8, nje kuna 2

Sababu ya kwanza, na ndiyo ya mara nyingi, ni uwiano wa maji na theluji. Modeli za hali ya hewa kwanza hukadiria maji yatakayoshuka. Kuyageuza maji hayo kuwa theluji ni hesabu nyingine inayofanywa baadaye, na programu nyingi za simu hutumia kanuni ya mkato: inchi 1 ya maji sawa na inchi 10 za theluji. Theluji haiifuati kanuni hiyo. Chukua maji ya inchi 0.4. Yakishuka kama theluji nzito yenye majimaji, uwiano wa 5 kwa 1, utapata inchi 2. Yakishuka kama theluji nyepesi ya ziwa, uwiano wa 20 kwa 1, utapata inchi 8. Maji ni yale yale, na mtabiri aliyakadiria sawasawa kabisa. Kilichoharibika ni hatua ya mwisho.

Kinachoamua zaidi ni joto la ndani ya wingu, kuliko la mlangoni kwako. Wingu likiwa na unyevu wa kutosha mahali penye joto la kati ya -12 na -18 za Selsiasi, chembe hukua zikawa zile nyota zenye matawi sita, na zikilala chini huacha hewa nyingi katikati. Nje ya kiwango hicho hutoka vijiti na vibamba vinavyolaliana kama mchele guniani.

Sababu ya pili: ilianza kama mvua. Joto likiwa karibu na sifuri, saa mbili za mwanzo zinaweza kuondoka na nusu ya maji yote kabla chembe ya kwanza ya theluji haijatua. Ya tatu: ardhi ilikuwa na joto. Theluji ya Novemba hukaa kwenye majani lakini huyeyuka kwenye lami, na mtu anayepima barabarani ataapa kwamba haikuanguka.

Cha kuangalia kwanza: je, namba uliyoiona ilitoka kwenye programu iliyokuja na simu, au kwenye ofisi ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya eneo lako? Ya kwanza mara nyingi ni mashine peke yake. Ya pili ina mtu aliyekaa akaitazama. Ofisi hizo pia hutoa makadirio ya uwezekano: kiasi cha chini kinachotarajiwa, cha katikati, na cha juu. Ukikuta cha chini ni inchi 1 na cha juu ni 9, basi hiyo 8 uliyoiona ilikuwa upande mmoja wa kamba ndefu. Na kama bado zimebaki siku tano, namba ya inchi usiishike kabisa. Soma maneno, namba ziache.

Dalili: Kule wamefukiwa, hapa jua linawaka

Hii ndiyo ya Buffalo hasa. Aliyekulia Bukoba hahitaji kufundishwa kwamba ziwa hupika mvua yake: upepo wa mashariki huvuka Ziwa Victoria, hubeba unyevu, na kuushusha upande wa magharibi. Ziwa Erie hufanya hivyo hivyo, ila majira ya baridi. Hewa baridi kutoka Kanada ikipita juu ya maji yenye joto, mawingu huinuka. Watabiri hutafuta tofauti ya angalau nyuzi 13 za Selsiasi kati ya maji na hewa iliyo kama kilomita moja na nusu juu. Upepo ukifuata urefu wa ziwa, kutoka kusini-magharibi, mawingu hujipanga mkanda mmoja mwembamba, na mkanda huo ukisimama juu ya nyumba yako, hesabu ni kwa futi.

Novemba 2014 kuna vitongoji vya kusini na mashariki ya jiji vilivyopata zaidi ya inchi 60, na kilomita chache tu kaskazini watu walikuwa na inchi kadhaa za kufagia kwa ufagio. Novemba 2022 kitongoji cha Orchard Park kilifika kama inchi 80, huku uwanja wa ndege wa Buffalo, ulioko Cheektowaga na ambako kipimo rasmi cha jiji huchukuliwa, ukipata takriban nusu yake. Kwenye ukingo wa mkanda unasimama umeangaziwa na jua, na mbele yako kuna ukuta mweupe kama pazia la jukwaani.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ya "wamekosea" ni mkanda kuhama. Upepo ukigeuka digrii chache tu, mkanda husogea kilomita kumi au zaidi. Mtabiri anaweza kuwa sahihi kuhusu mkanda, nguvu yake na saa yake, na bado wewe usipate kitu. Sababu ya pili, kuanzia Januari au Februari, ni ziwa kuganda. Erie lina kina kidogo kuliko Maziwa Makuu yote ya Marekani ya Kaskazini, wastani wa mita 19 tu, kwa hiyo huganda mapema. Likifunikwa na barafu, jiko limezimwa. Ziwa Ontario ni refu kwenda chini na haligandi kirahisi, ndiyo maana wa huko huendelea kupiga beleshi sisi tumekaa.

Ukaguzi rahisi: usitazame utabiri wa "Buffalo". Weka anwani yako au msimbo wa posta, na kabla ya kuendesha gari kwenda kazini weka na wa huko uendako. Nimeona watu wakiondoka kwenye jua wakaingia ukutani ndani ya dakika kumi. Onyo la theluji ya ziwa likishatolewa kwa wilaya unayopita, piga simu kazini.

Dalili: Rada haionyeshi kitu na nje inamwagika

Mawingu ya ziwa ni mafupi, mara nyingi hayafiki kilomita tatu kwenda juu. Mwali wa rada hupanda kadiri unavyokwenda mbali, kwa hiyo mbali na kituo hupita juu ya mawingu bila kuyagusa. Kinyume chake pia hutokea: rada imejaa rangi na chini hakuna kitu, kwa sababu theluji inaishia njiani kwenye hewa kavu. Toa kichwa dirishani. Huo ndio ukaguzi wote.

Dalili: Kila ninapochomeka rula napata namba nyingine

Sababu ya kwanza ni mahali. Rula ikichomekwa kwenye majani hupenya hadi kwenye udongo, na inchi moja au mbili za nyasi huhesabiwa theluji. Dawa yake ni ubao. Kata plaiwudi ya mraba, inchi 16 kwa 16 au 24 kwa 24, ipake rangi nyeupe, ilaze chini mahali pa wazi mbali na nyumba na miti. Nyeupe kwa sababu ubao mweusi hula jua na kuyeyusha ulichotaka kupima. Chomeka kando yake fimbo yenye kitambaa chekundu. Fimbo hiyo usiidharau. Januari 2016, dhoruba kubwa ilipopiga Washington, wapimaji wa uwanja wa ndege wa Reagan walipoteza ubao wao chini ya theluji, na ile inchi 17.8 iliyoandikwa ikazua ubishi hadi uchunguzi ukafanyika.

Sababu ya pili ni upepo. Upepo huhamisha theluji: hapa unakwangua, pale unarundika. Kisa cha kukumbuka ni dhoruba ya Januari 1977. Ziwa Erie lilikuwa limeshaganda, na juu ya barafu kulikuwa na theluji nyepesi iliyolala. Upepo ukaisomba yote na kuimwaga mjini. Theluji mpya iliyoanguka ilikuwa kama futi moja, lakini marundo yalifunika magari na kupanda hadi kwenye mapaa. Mtu aliyepima rundo na mtu aliyepima theluji mpya walikuwa wanazungumzia vitu viwili.

Siku ya upepo, ubao ukiwa umekwanguliwa, pima sehemu nyingi, kama kumi hivi. Acha marundo makubwa na mahali palipobaki nyasi tupu, kisha tafuta wastani wa zilizobaki. Theluji mpya andika kwa sehemu ya kumi ya inchi, mfano 3.4. Kina andika kwa inchi nzima. Ikianguka ya kuonekana tu lakini haifiki hata 0.1, andika "dalili tu", usiandike sifuri.

Sababu ya tatu, ya nadra ila inachekesha: rula yenyewe. Rula nyingi za shule zina sehemu tupu kabla ya sifuri. Nilipima msimu mzima nikiwa pungufu kidogo kila siku, hadi binti yangu aliponiuliza, "Baba, mbona sifuri haijaanzia mwanzo?"

Dalili: Jumla yangu ni kubwa kuliko ya uwanja wa ndege

Hapa ndipo pana utamu, na hapa ndipo watu wengi hukosea bila kujua.

Theluji hushindiliwa na uzito wake yenyewe. Inchi 4 za saa kumi na mbili asubuhi zikiachwa hadi jioni zinaweza kuwa 3 bila kuyeyuka hata tone. Sasa wewe ukipima kila saa, ukafagia ubao, ukapima tena, kila mara unaikamata ikiwa bado imevimba. Jumlisha vipimo ishirini na nne vya namna hiyo, utapata namba ambayo uani haipo na haijawahi kuwepo.

Ndiyo maana kanuni ya Marekani ni hii: fagia ubao si zaidi ya mara moja kila saa sita, yaani mara nne kwa siku, kisha jumlisha. Ukipenda, pima mara moja tu kwa siku, asubuhi saa ile ile kila siku. Namba itakuwa ndogo kidogo, lakini ni halali. Usichokifanya ni kuchanganya: leo mara moja, kesho mara nane kwa sababu imenoga.

Kisa chenyewe kilitokea Montague, kwenye uwanda wa Tug Hill mashariki ya Ziwa Ontario. Tarehe 11 na 12 Januari 1997, ziliripotiwa inchi 77 ndani ya saa 24, kama sentimita 196. Ingekuwa rekodi ya nchi nzima. Kamati ikakaa na kuichambua, ikakuta vipimo vilichukuliwa mara nyingi kuliko kanuni ya mara nne. Rekodi ikakataliwa. Tatizo halikuwa rula wala uaminifu wa mtu, lilikuwa saa. Rekodi iliyobaki mahali pake ni ya Silver Lake, Colorado, inchi 75.8, ya Aprili 1921. Nayo, ukiichunguza, ilipatikana kwa hesabu: zilipimwa inchi 87 ndani ya saa 27 na nusu, kisha zikagawanywa kupata za saa 24. Kwa maoni yangu, kama ya Montague ilikataliwa kwa ukali ule, ya Silver Lake ina bahati ya kuzaliwa mapema.

Kama unapima kwa kanuni na bado umezidi uwanja wa ndege, basi pengine umepata theluji nyingi zaidi. Uwanja wa ndege ni sehemu moja tu.

Jumla yako ikiwa ndogo, sababu ya kwanza ni kuchelewa kupima: jua limetoka saa nne, wewe umetoka saa saba mchana. Ya pili ni kusahau kufagia ubao na kuanza upya, ukapima kina ukidhani ni theluji mpya.

Dalili: Kipima mvua kiko tupu, au kimepasuka

Kama ni kile cha plastiki chenye kipenyo cha inchi 4, wanachotumia wapimaji wengi wa kujitolea wa CoCoRaHS, mtandao ulioanzia Colorado mwaka 1998, basi sababu ya kwanza ni faneli. Theluji hujenga kofia juu ya faneli, inayofuata huteleza nje. Majira ya baridi toa faneli na toa mrija wa ndani, uache silinda ya nje peke yake. Mrija ukibaki na maji usiku wa baridi, maji huganda, hupanuka, na plastiki hupasuka. Huyo ndiye aliyepasukiwa, na hakuna gundi ya kumsaidia. Nunua mrija mwingine.

Sababu ya pili ni upepo tena. Chembe nyepesi hupepea juu ya mdomo wa silinda na kwenda zake, na siku ya upepo mkali kipimo kinaweza kukosa nusu au zaidi. Hilo huwapata hata wenye vifaa vya bei kubwa. Vile vya umeme vyenye kikombe cha kupinduka navyo, kama havina cha kupashia moto, husimama kabisa. Vikiwa nacho, sehemu ya theluji hugeuka mvuke kabla ya kuhesabiwa. Usiviamini kwa theluji.

Dawa ni kukata sampuli. Geuza silinda mdomo chini, ididimize wima kwenye theluji iliyo juu ya ubao hadi iguse mbao, pitisha kibamba cha bati chini yake, pindua. Ingiza ndani. Sasa usiweke juu ya jiko wala kwenye mikrowevu. Pima maji ya uvuguvugu kwenye mrija, tuseme inchi 0.50, uyamwage kwenye theluji. Ikishayeyuka yote, rudisha maji kwenye mrija kupitia faneli usome jumla. Ukipata 0.92, toa 0.50, theluji yako ilikuwa na maji ya inchi 0.42. Kama ubaoni ulipima inchi 6.3, uwiano wako ni 15 kwa 1. Sasa unayo majibu ya dalili ya kwanza kabisa: siku hiyo programu inayotumia 10 kwa 1 ingekuambia inchi 4 na pointi.

Dalili: Kihisi cha sauti kinarukaruka

Hii ni kwa wachache wenye kituo cha hali ya hewa kinachojiendesha chenyewe. Kihisi hutuma sauti chini na kuhesabu muda wa mwangwi kurudi. Mwendo wa sauti hubadilika na joto, kwa hiyo angalia kwanza kama kipimajoto chake kinafanya kazi na hakipigwi jua. Kisha angalia kama kuna jani au tawi chini yake, au kama nguzo imeinama. Theluji nzito inayoendelea kuanguka nayo huvuruga mwangwi, subiri itulie. Teknolojia hii si ya kubahatisha: juu ya barafu ya Kibo, Kilimanjaro, mwaka 2000 watafiti waliweka kituo kilichopima theluji ya mlima kwa njia hiyo. Waya na umeme wa kituo ukiwa umelowa, usifungue mwenyewe, mwachie fundi.

Hapa acha kupima

Ile namba ya maji ina kazi nyingine. Kila inchi 1 ya maji ni kama kilo 25 kwa kila mita ya mraba ya paa. Theluji ya inchi 24 ikitoa maji ya inchi 2.4, ni kama kilo 61 kwa mita moja. Paa la mita za mraba 100 limebeba tani sita, na mvua ikinyesha juu yake, theluji huinywa kama sponji na uzito hupanda bila kina kubadilika. Ukisikia paa linalia, mlango wa ndani ukaanza kukwama ghafla, au ufa mpya ukatokea kwenye dari, toka na watu wote, kisha piga simu. Usipande. Kukwangua paa kutoka chini kwa fimbo ndefu unaweza, kama hakuna nyaya za umeme karibu. Kupanda ni kazi ya mafundi wenye kamba na bima.

Angalia mabomba ya hita yanayotoka ubavuni mwa nyumba. Yakifukiwa, kaboni monoksaidi hurudi ndani, nayo haina harufu wala rangi. Kengele yake ikilia, au watu ndani wakaanza kuumwa kichwa kwa pamoja, usitafute sababu: tokeni, pigeni 911, namba ya dharura ya huku, mkiwa nje. Kwenye gari lililokwama, safisha ekzosi kabla ya kuwasha injini. Na ukiwa unapiga beleshi ukasikia kifua kimebana au mkono unakufa ganzi, weka beleshi chini na piga 911 hapo hapo, usisubiri umalize njia ya gari.

Usipoona fimbo ya kitambaa chekundu ukiwa mlangoni, usitoke. Desemba 2022 utabiri ulitolewa siku kadhaa mapema na ulikuwa sahihi, na bado zaidi ya watu 40 walikufa katika wilaya yetu, wengine nje, wengine ndani ya magari. Kwenye daftari langu, tarehe 23, 24 na 25 za mwezi ule nimeandika herufi moja tu, M, yaani hakikupimwa. Ubao ulikuwa hatua kumi na tano kutoka mlangoni.